Alama za mradi zitoke, rangi ya gari ibaki

Mradi ukiisha, mara nyingi kamioneti au pikipiki inabaki kwa kooperative. Karatasi za kukabidhi zinatiwa sahihi, picha zinapigwa, shofere anapewa ufunguo. Lakini milangoni bado kuko alama ya shirika, na kando yake ile bunduki iliyokatwa na mstari mwekundu. Siku mbili baadaye utakuta kijana mmoja amechukua kisu cha jikoni, anakwangua. Jioni karatasi imetoka kweli, na rangi imetoka nayo.

Milango ya namna hiyo tumeiona mara nyingi tukitembelea vyama. Pale kisu kilipogusa bati, mvua inaingia, kutu inaanza, kisha inatembea chini ya rangi bila kuonekana mpaka siku rangi inapovimba. Pengine mutauliza maagronomu wanatafuta nini garajini. Kamioneti hiyo ndiyo inabeba kahawa yenu na kakao yenu, na siku mutakapotaka kuiuza, mnunuzi ataanza kwa kuangalia milango.

Kuacha alama pale pale, hapana. Shirika likishakabidhi gari, halijibu tena juu ya mzigo wake wala ajali yake. Kwenye barieri, alama inasema gari ni la fulani, karte roze inasema ni la mwingine. Hapo shofere wenu ataeleza mpaka usiku. Na gari lenye alama ya shirika likionekana limebeba watu wowote na mizigo yoyote, wafanyakazi wa shirika watakaopita njia hiyo kesho wanaweza kupata shida kwa sababu yenu. Msalaba mwekundu, huo unalindwa na Mikataba ya Geneva: hamna ruhusa ya kutembea nao.

Sasa kazi yenyewe. Bati la gari limepakwa tabaka kadhaa: ya kuzuia kutu, rangi, na kwa magari mengi verni juu. Zote pamoja unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo chuma kisikaribie. Osheni kwanza mlango kwa maji mengi na sabuni, juu ya vumbi la barabara zetu: ndani yake kuko mchanga, na mchanga chini ya kitambaa unakwaruza sawa na msasa. Angalieni pia kama mlango ulishapakwa rangi upya na fundi wa mtaani. Rangi ya pili hushika vibaya kuliko ile ya kiwandani, inaweza kunyanyuka pamoja na karatasi.

Joto ndilo linafanya kazi kubwa. Egesheni gari juani mpaka bati liwe vuguvugu mkononi, au wekeni kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwa dakika kadhaa, murudie. Mjini, mashine ya saluni ya kukaushia nywele inafaa sana, mradi isikae mahali pamoja. Moto wa makala au wa chalumo, hata kidogo, hapana. Kona ikilegea, inyanyueni kwa ukucha au kwa kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye bidoni kuukuu. (Tulimwona mmoja akitumia karte yake ya kuchagulia. Ataihitaji kwenye barieri!) Kisha vuteni polepole, karatasi ikiwa imekunjwa kurudi nyuma karibu na bati, si kuivuta kuelekea kwenu. Karatasi iliyokaa miaka juani inavunjika kama ganda la yai. Hapo ni kupasha tena na kutoa vipande vidogo vidogo, asubuhi nzima ikibidi.

Mapambo ya plastiki ya pembeni yanashikwa mara nyingi na skochi nene yenye gundi pande mbili. Mengine yana vishikizo au misumari iliyopita kwenye bati, basi chunguzeni kabla ya kuvuta. Kama ni gundi tu, pasheni joto, kisha watu wawili washike uzi wa kuvulia samaki na kuupitisha nyuma ya pambo kama msumeno, uzi ukate ile skochi. Matundu yakibaki, zibeni mara moja.

Gundi inayobaki ndiyo inawachosha watu, na hapo ndipo wanakimbilia esansi au dilian. Dilian inayeyusha rangi na plastiki ya pikipiki. Esansi inashika moto kwa cheche moja. Pakeni mafuta ya kupikia, acheni nusu saa, viringisheni gundi kwa kidole. Mawese nayo yanafanya kazi, lakini kitambaa kitakuwa chekundu na hamtajua kama ni mawese ama ni rangi ya gari. Ikikataa, tieni petroli kidogo kwenye kitambaa laini, mukijaribu kwanza mahali pasipoonekana, ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikianza kuchukua rangi ya gari, simameni. Mwishoni osheni kwa sabuni mpaka utelezi uishe.

Hapa tunasema kama maagronomu: petroli na mavuno havikai pamoja. Siagi iliyo ndani ya mbegu ya kakao inashika harufu haraka, kahawa vilevile, na gunia linalonuka petroli mnunuzi atalikataa hata kama mulichachusha na kukausha vizuri. Fanyeni kazi hii mbali na depo, nje ya wiki za mavuno. Vitambaa visitupwe nyuma ya gari wala juu ya bashi. Na msichukue chupa iliyokuwa na dawa ya mimea.

Baada ya yote mutaona kivuli cha herufi. Hiyo si gundi: jua limefifisha rangi pembeni, chini ya karatasi imebaki mpya. Fundi anaweza kupunguza tofauti kwa pasta ya kung'arisha, kwa mkono mwepesi, maana pasta nayo inakula rangi. Njia rahisi ni kubandika jina la kooperative juu ya kivuli, kubwa kukipita.

Alama nyingine zisiguswe: kibati cha namba ya shasi, karatasi ya presha ya matairi mlangoni, na mistari inayong'aa usiku nyuma ya gari. Mukimaliza, pigeni picha pande zote nne na muiweke pamoja na karatasi za kukabidhi, nakala moja kwa shirika.