Zambarau Chini ya Manyoya ya Punda

Ukimwona punda wa Lamu asubuhi, amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa mawe akingoja kupakiwa mchanga, utaapa ni wa kijivu. Mtazame tena. Ubavuni, jua linapompiga, ana rangi ya makuti makavu. Tumboni kwenye manyoya meupe, mwanga unaoruka kutoka ardhini umemtia umanjano. Shingoni, upande wa kivuli, kuna zambarau. Nilichana karatasi nyingi kabla ya kuiona zambarau hiyo, na nilipoiona ndipo nikaelewa kwamba lazima itangulie kabla ya rangi nyingine yoyote.

Nachora wanyama kwa pasteli laini juu ya akriliki. Pasteli si chaki ya ubaoni, ingawa mkononi zinafanana. Ni unga wa rangi uliofinyangwa kuwa kijiti kwa gundi kidogo mno. Ndiyo maana inang'aa, na ndiyo maana inapukutika. Karatasi haiinywi. Inaikamata tu kwa makwaruzo yake, na makwaruzo yakishajaa, kila unachoongeza kinateleza na kuanguka. Karatasi ina mzigo wake, kama punda mwenyewe.

Basi giza la shingo nikilitafuta kwa pasteli, karatasi itashiba kabla sijachora unywele mmoja. Akriliki iliyozimuliwa kwa maji hulileta giza hilo kwa dakika chache na kuyaacha makwaruzo wazi. Ikikauka haiamki tena, kwa sababu plastiki iliyomo imeshaungana kuwa utando ambao maji hayauyeyushi. Nikikosea juu yake nafuta kwa brashi, na msingi uko palepale.

Akriliki ni mgeni wa juzi. Ile ya kuchanganywa na maji ilianza kuuzwa kwa wachoraji Marekani katika miaka ya 1950. Pasteli ilishaheshimika zamani: mwaka 1720 Rosalba Carriera wa Venice alipokewa katika Akademia ya sanaa ya Paris, na kazi iliyompa jina ilikuwa ya pasteli. Hata kuweka kitu kingine chini yake hakukuanza na sisi. Katika miaka ya 1870 Edgar Degas alichapa picha kwa wino mweusi kisha akapitisha pasteli juu yake, na weusi ule ukabaki unachungulia kati ya rangi. Picha hizo ndizo zilizonifunza kutofunika kila kitu.

Mwanzoni niliipaka akriliki nzito, kama ilivyotoka kwenye tyubu. Ilikauka ikawa laini kama sahani, na pasteli yote ikaishia sakafuni. Sasa natumia karatasi yenye msasa mwembamba, na nikilazimika kupaka rangi nzito, nachanganya humo unga wa jiwe jepesi la volkano ili irudishe makwaruzo.

Kwa punda, naweka zambarau nyepesi kwenye vivuli vyote, na rangi ya udongo mwekundu ndani ya masikio na chini ya tumbo. Ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatizwa na mwingine mabegani naumaliza kwa akriliki, siugusi tena. Kisha pasteli ngumu, kwa kufuata manyoya yanakolala: kwenye paji yanajizungusha kama nywele za utosini mwa mtoto, kutoka hapo yanateremka hadi puani. Pasteli laini kabisa huja mwisho, kwenye weupe wa pua na duara jeupe la jicho. Mboni yake imelala kwa upana. Nuru ya jicho ni mguso mmoja; wa pili huiua.

Picha nyingi za wanyama huhesabu kila unywele, na mnyama hutoka kama zulia. Nyuma ya taya la punda wangu naiacha zambarau tupu, bila chembe ya pasteli.

Vumbi la pasteli silipulizi kwa mdomo, maana baadhi ya rangi zina kadimiamu. Nalifuta kwa kitambaa chenye maji. Dawa ya kushikiza rangi siipulizi kwenye tabaka la mwisho, hutia giza sehemu za mwanga. Na kwa unyevu wa pwani, kioo cha fremu kisiguse picha: naweka ukingo wa kadibodi katikati, la sivyo ukungu utaota humo.

Mzee mwenye punda nilipomwonyesha picha, alinyamaza kitambo. Kisha akanyoosha kidole, karibu kabisa na ile sehemu tupu nyuma ya taya.

"Hapa alikuwa amechoka," alisema. "Siku ile tulibeba mawe tangu alfajiri."