Mtoto Anapoomba Mtaji wa Biashara ya Kompyuta

Siku hizi limeingia ombi jipya katika nyumba zetu. Zamani kijana aliomba mtaji wa genge, wa cherehani au wa vifaranga. Sasa anakuja na kompyuta yake na kusema kwamba anataka kutengeneza programu ya kuwawezesha wenye maduka, saluni na mikahawa kujijengea tovuti wenyewe. Baba anakaa kimya. Mama anauliza: hicho kitu kinauzwaje, nacho hakishikiki?

Swali hilo ni la haki. Tungependa kulijibu kwa habari ya kijana mmoja wa Marekani, Anthony Casalena, na kampuni yake iitwayo Squarespace.

Tuanze na kazi yenyewe. Tovuti ni kama ubao wa duka katika intaneti: jina, picha za bidhaa, bei, saa za kufungua na namna ya kuagiza. Mwenye duka asiyejua kompyuta alilazimika kumtafuta fundi, kumlipa fedha nyingi, kisha kumngoja tena kila bei ilipobadilika. Mwaka 2003 Casalena alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland. Alitaka tovuti yake mwenyewe, na vifaa vilivyokuwapo havikumridhisha, basi akaandika programu yake. Mtu huchagua sura ya ukurasa, huweka maneno na picha zake, na kazi imekwisha. Kampuni huitunza tovuti hiyo katika kompyuta zake, na mwenye duka hulipa ada. Ni kama kupanga chumba cha biashara sokoni: unalipa kodi, na mwenye jengo anaangalia paa, taa na mlinzi.

Sasa mtaji. Baba yake alitoa dola 30,000, na chuo kikaongeza msaada mdogo. Alipoanza rasmi Januari 2004 tayari alikuwa na wateja wa majaribio wapatao 300, nao walilipa, ingawa kwa bei ya punguzo. Hapo, mama, tusimame kidogo. Marafiki mia tatu wanaosifu kazi ya mtoto wako hawajakuonyesha kitu. Watu wanaotoa fedha mfukoni, hata kidogo, wamekuonyesha kwamba kazi hiyo inawafaa.

Hadi mwaka 2006 kijana yule alifanya kazi bila mwajiriwa hata mmoja. Aliandika programu, akawajibu wateja, akaziangalia mashine zisizime. Sisi tuliozoea zamu za usiku wodini tunajua uzito wa kuitwa saa nane na kutokuwa na mwenzako wa kumwamsha. Aliajiri mtu wa kwanza wakati mapato yalipofikia dola milioni moja. Wawekezaji wakubwa waliingia mwaka 2010 na dola milioni 38.5, yaani miaka sita baada ya kuanza. Vijana wengi hutaka kuanza na hao wawekezaji, na ofisi yenye viyoyozi.

Biashara ya namna hii hukua kwa wateja wanaobaki. Tupige hesabu. Tuseme una wateja 100 wanaolipa kila mwezi, na kila mwezi watano katika kila mia wanaondoka. Mwaka ukiisha umebaki na 54 hivi. Wakiondoka wawili tu katika mia, umebaki na 78. Anayepoteza watano atatumia fedha zote za matangazo kujaza ndoo inayovuja. Ndiyo maana tungemsikiliza zaidi kijana anayeeleza jinsi atakavyomhudumia mama lishe aliyekwama kubadilisha bei ya wali kuliko yule anayetuchorea mamilioni ya wateja ukutani.

Tena kuna siku ya mafuriko. Tarehe 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kiliingiza maji ya bahari katika mitaa ya chini ya New York, ambako Squarespace ilikuwa imeweka mashine zake. Umeme ulikatika. Jenereta ilikuwa juu, ghorofa ya 17, lakini pampu ya kupandishia mafuta ilikuwa chini, nayo ikazama. Wafanyakazi wa Squarespace na wa kampuni jirani wakajipanga kwenye ngazi gizani, wakapandisha dizeli kwa ndoo, usiku na mchana, ili tovuti za wateja zisizimike. Nazo hazikuzimika. Biashara ya kompyuta, na bado ikaokolewa kwa ndoo!

Ada ndiyo inayolipia ndoo hizo. Huduma za bure zina mwisho wake: GeoCities, iliyowapa watu tovuti bila malipo tangu miaka ya 1990, ilifungwa Marekani mwaka 2009 na kurasa zake zikaondolewa. Google nayo iliwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure, ikazizima Machi 2024. Mama mwenye duka, hata kama unatumia huduma ya kulipia, hakikisha jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, limeandikishwa kwa jina lako wewe, si la fundi wala la kampuni. Ukihama unahama nalo.

Squarespace iliingia katika soko la hisa la New York mwaka 2021, na mwaka 2024 ikanunuliwa kwa takriban dola bilioni 7. Tusidanganyane, wanaofika huko ni wachache mno. Weebly, iliyoanzishwa na wanafunzi watatu wa Pennsylvania kwa kazi ile ile, iliuzwa kwa Square mwaka 2018 kwa dola milioni 365, na hiyo nayo ni bahati ya wachache.

Basi mtoto akija, kaeni naye mezani, baba na mama, na mfanye ile hesabu ya mjenzi wa mnara katika Luka 14:28. Ni nani wanalipa sasa, hata kama ni kumi tu? Mwezi uliopita waliondoka wangapi, na kwa nini? Fedha tutakazotoa zitamfikisha mwezi gani bila kuuza kiwanja? Ada ya shule ya wadogo zake imewekwa kando? Na simu ya mteja ikilia usiku wa manane, ni nani anaipokea?