Kipa aliyekubali kutoka: somo la Léopards kwa wanaoshika viti

Usiku wa Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat nchini Morocco, DRC na Nigeria zilikuwa sare ya 1-1 na muda wa nyongeza ulikuwa unakwisha. Kocha Sébastien Desabre akaomba kubadilisha mchezaji. Hakutoka mshambuliaji aliyechoka, wala beki mwenye maumivu. Alitoka golikipa Lionel Mpasi, akaingia Timothy Fayulu, aliyekuwa amekaa benchi mechi nzima.

Kwa anayekumbuka CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire, jambo hilo halikuwa dogo. Januari 2024, dhidi ya Misri, ni Mpasi huyu huyu, wakati huo akichezea Rodez ya daraja la pili Ufaransa, aliyepiga penalti ya mwisho. Kipa wa Misri alikuwa amegonga mwamba. Mpasi akauweka mpira wavuni na Léopards wakasonga mbele kwa penalti 8-7. Kama kuna mtu kikosini aliyekuwa na haki ya kusema "penalti ni kazi yangu", ni yeye.

Alitoka. Fayulu akazuia mkwaju wa Semi Ajayi, nahodha Chancel Mbemba akafunga wa mwisho, na matokeo yakawa 4-3. Nigeria ikakosa Kombe la Dunia la 2026, DRC ikaenda kwenye mchujo wa kimabara. Baada ya mechi kocha wa Nigeria, Éric Chelle, alilalamika kwamba upande wa Congo ulifanya mambo ya uchawi wakati wa penalti. Kila mtu ana maelezo yake. Mimi naona ya kutosha kwenye ile hatua ya Mpasi kwenda benchi.

Maana si kila kipa anakubali. Februari 2019, fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza kwenye uwanja wa Wembley, Chelsea na Manchester City zilikuwa 0-0 na penalti zilikuwa zinakaribia. Kocha wa Chelsea, Maurizio Sarri, alitaka kumtoa Kepa Arrizabalaga na kumwingiza Willy Caballero. Caballero alisimama pembeni ya uwanja, tayari. Kepa akapunga mkono kukataa, akabaki golini. Sarri alipandwa na hasira mbele ya dunia nzima, na Chelsea ikapoteza, nayo kwa penalti 4-3. Baadaye wote wawili walisema hawakuelewana tu, lakini klabu ilimkata Kepa mshahara wa wiki moja, na mechi iliyofuata akakaa benchi.

Tunapoeleza mambo haya huwa tunawasifu au kuwalaumu makipa peke yao. Kuna hesabu nyingine ambayo haionekani kwenye televisheni. Sheria hairuhusu kumwingiza kipa wa akiba baada ya penalti kuanza, isipokuwa kipa aliye golini ameumia na hawezi kuendelea. Kwa hiyo kocha anayetaka kuleta kipa wa penalti lazima afiche nafasi moja ya kubadilisha hadi dakika ya mwisho. Nafasi hiyo ingeweza kumpumzisha kiungo ambaye miguu imekataa dakika ya 110. Kiungo huyo anaendelea kukimbia kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaingia. Ukihesabu hivyo, kuingia kwa Fayulu kulilipwa na wachezaji kumi, si na Mpasi pekee.

Na watu hawalipi gharama kama hiyo kwa kiongozi wasiyemwamini. Desabre alipewa timu Agosti 2022, na matunda yalichelewa. Katika ile CAN ya 2024, Léopards walitoka sare mechi zote tatu za kundi, wakatoka sare tena na Misri kabla ya penalti, na ushindi wao wa kwanza ndani ya muda wa kawaida ulikuja robo fainali, 3-1 dhidi ya Guinea. Wengine wangekuwa wamevunja kikosi na kutafuta wa kulaumiwa. Wao walibaki pamoja, na kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire walisimama kwenye wimbo wa taifa, mkono mmoja ukiwa umefunika mdomo na vidole viwili vya mwingine vikielekezwa kichwani kama bunduki, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki mwa nchi. Hapa kwetu watu wengi wamesahau kwamba mechi ile walipoteza 1-0. Ishara ile hawajaisahau.

Mbemba naye. Msimu mzima wa 2024-2025 klabu yake ya Marseille ilimweka kando. Kocha mwoga angesema mchezaji asiyecheza hawezi kuwa nahodha. Desabre aliendelea kumwita. Novemba 2025, siku tatu kabla ya Nigeria, Mbemba ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Cameroon, dakika za nyongeza za kipindi cha pili.

Tuseme pia kwamba kubadilisha mtu peke yake hakuponyi kitu. Wazee wetu waliiona hiyo mwaka 1974, Ujerumani Magharibi, nchi ikiitwa Zaïre. Katika mechi ya pili, Yugoslavia walikuwa wamefunga mabao matatu ndani ya dakika ishirini hivi. Kocha Blagoja Vidinić akamtoa kipa Kazadi Mwamba, akamleta Tubilandu Ndimbi. Mechi iliisha 9-0. Tubilandu hakuwa tatizo, na Kazadi hakuwa tatizo. Wachezaji wa kikosi kile walieleza miaka mingi baadaye kwamba walikuwa wamejua pesa walizoahidiwa hazitawafikia, na walifikiria hata kutocheza. Waliingia uwanjani timu ikiwa imekwisha kupasuka. Ungeweza kumweka golini kipa bora duniani siku ile.

Hapo ndipo viongozi wetu wengi wanapojidanganya. Mradi ukikwama, anafukuzwa katibu. Likelemba ikikosa pesa, anabadilishwa mweka hazina, na rais wa kikundi anabaki kwenye kiti chake akiuliza kwa nini watu hawachangi. Nani kati ya wenyeviti wa vyama vyetu, vya wamotari, vya wakulima, vya wanafunzi, amewahi kusema: sehemu hii ya kazi mwenzangu anaiweza kuliko mimi, acha aingie? Ninapouliza hivyo watu hucheka, na nadhani najua wanamfikiria nani.

Juni 2022 huko Qatar, Australia ilimtoa nahodha wake, kipa Mat Ryan, kabla ya penalti dhidi ya Peru. Aliyeingia, Andrew Redmayne, alirukaruka kwenye mstari kama mchezaji wa ngoma, akazuia mkwaju wa mwisho, na Australia ikaenda Kombe la Dunia. Unahodha wa Ryan haukupungua: miezi mitano baadaye ni yeye aliyeongoza timu kwenye mashindano yenyewe.

Uholanzi mwaka 2014 ilikuwa tofauti kidogo. Kocha Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen dakika ya mwisho dhidi ya Costa Rica bila kumwambia mapema kuhusu mpango huo, na Cillessen alitoka akipiga chupa teke. Aliyeingia, Tim Krul, alizuia penalti mbili na Uholanzi ikapita. Siku nne baadaye, nusu fainali dhidi ya Argentina, penalti zikaja tena. Safari hii van Gaal alikuwa ametumia nafasi zake zote tatu za kubadilisha. Golini alisimama Cillessen, yule yule aliyeonyeshwa kwamba penalti hazimhusu. Argentina walipiga nne, zote zikaingia.