Ngano Inapomdhuru Mtoto

Wazazi wenzetu wa Shinyanga na Geita, mtoto anapoharisha kwa majuma mengi, tumbo likajaa na mwili ukadumaa, aghalabu twadhani ni minyoo au utapiamlo, tukamzidishia uji wa lishe. Uji huo mara nyingi huchanganywa na ngano, na huenda ngano ndiyo inayomdhuru.

Katika ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huchokozwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, ikaujeruhi utumbo mdogo. Si maradhi ya Wazungu pekee: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta nayo zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Sahara Magharibi, ndugu zetu Waislamu.

Tusimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa damu. Akiiacha mapema, kipimo huweza kusema hana, naye anao. Kwanza hospitali, kisha mwiko.

Ugonjwa ukithibitika, mwiko ni wa maisha yote. Chapati, maandazi, sambusa na tambi za futari aziache. Ugali wa mahindi au mtama, wali, muhogo na viazi vitamu vyamtosha, mradi unga usisagwe kwenye mashine inayosaga ngano. Nasi mgeni akiikataa sambusa yetu, tusimdhanie kiburi. Mwili ni amana.