Kichocheo: Kazi ya Profesa Egid Mubofu na Somo Lake kwa Butembo na Beni

Makala haya yananuia kueleza kazi ya Profesa Egid Mubofu, aliyekuwa mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuonyesha kwa nini kazi hiyo yatuhusu sisi wa Butembo na Beni. Uwanja wake ulikuwa vichocheo, hasa vile vinavyoshikizwa juu ya maada isokaboni.

Tuanze na neno lenyewe. "Kichocheo" latokana na kitenzi "kuchochea". Anayechochea moto husukuma kuni mafigani. Moto hukolea, lakini yeye mwenyewe haungui. Ndivyo kilivyo kichocheo cha kemia: huharakisha mmenyuko, kisha hubaki kama kilivyokuwa. Wakulima wa Beni wamekijua kichocheo kimoja kwa miaka mingi. Huchanja papai bichi, wakakinga utomvu wake mweupe na kuukausha ili kupata papaini. Hiki ni kimeng'enya, yaani kichocheo kitokacho katika kiumbe hai. Papaini hukata protini. Kwa hiyo hulainisha nyama, na huifanya bia ibaki angavu inapopozwa. Hata jina la kampuni ya ENRA ya Beni latokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya vimeng'enya vilivyosafishwa.

Hata hivyo, kichocheo kisicholiwa na mmenyuko chaweza kupotea. Kikiyeyuka pamoja na vitu vingine, kukitenga ni kazi ngumu, na hasara ni kubwa ikiwa ni metali ya thamani kama paladi. Dawa yake ni kukishikiza juu ya chembe za silika, maada ileile iliyomo mchangani, ili kiweze kuchujwa na kutumiwa tena. Mwaka 2001, Mubofu pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha utafiti juu ya paladi iliyoshikizwa kwa njia hiyo, kwa ajili ya mmenyuko wa Suzuki, ambao huunganisha atomi za kaboni.

Kisha utafiti wake uliligeukia zao la nyumbani. Ganda la korosho, zao kuu la Mtwara na Lindi, lina mafuta makali yanayounguza mikono ya wabanguaji. Molekuli za mafuta hayo zina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaoyakimbia. Zikitiwa katika mchanganyiko wenye maji, hujikusanya mafungu mafungu. Silika hujijenga kuyazunguka. Mafuta yakiisha kuoshwa, hubaki vitundu vidogo mno. Mwaka 2011, Mubofu, James Mdoe na mwenzao walichapisha matokeo ya kushikiza invertasi, kimeng'enya kinachogawa sukari ya miwa, ndani ya silika ya namna hiyo. Taka ya korosho ikawa kalibu ya kutengenezea makao ya kichocheo.

Mubofu aliwahi pia kuliongoza Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jambo linaloonyesha kwamba ujuzi wa maabara wahitajika hata sokoni.

Somo kwetu ni lipi? Invertasi na papaini ni ndugu: vyote viwili ni vimeng'enya. Njia iliyofuatwa kwa korosho yaweza kuzua maswali ya utafiti juu ya utomvu wa mapapai yetu. Lakini mwanafunzi wetu husoma kemia kwa Kifaransa, kisha hurudi nyumbani kwenye Kinande na Kiswahili. Fomula hubaki daftarini, papai hubaki shambani. Istilahi hazikosekani: TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Twapendekeza, basi, kwamba somo la vichocheo katika vyuo vya Butembo na Beni lianze na papai lililochanjwa, na lianze kwa Kiswahili. Atakayelielewa hapo ndiye atakayeuliza kwa nini utomvu huo usafishwe na wengine, mbali na shamba ulikokingwa.