Uvira: Majani ya mianzi yakigeuka manjano, chimba udongo kabla ya kumwaga maji

Watu wa Uvira wanapanda mianzi kwa sababu nyingi: uzio wa parseli, kivuli, fito za kujengea, na hasa kushika udongo usichukuliwe na maji. Kwa mkaaji wa mtaa wa Kimanga, katika mji huu uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, sababu hiyo ya mwisho si jambo dogo. Mwezi wa Aprili 2020 mvua kubwa ilifurisha mto Mulongwe, makumi ya watu wakapoteza maisha na maelfu ya nyumba kubomoka. Baadaye ziwa lenyewe lilipanda, mwaka 2021 na tena 2024, likaingia kwenye nyumba za watu waliojenga kando yake.

Ndiyo maana kichaka cha mianzi kikianza kugeuka manjano, mwenye parseli anaingiwa na wasiwasi. Dawa ya kwanza inayomjia ni bidoni ya maji. Uvira ni mji wa joto, kwa hiyo mawazo hayo yanaeleweka, lakini pengine maji hayo ndiyo yanayoua mmea.

Kabla ya kutibu kitu chochote, ni lazima kuangalia ni majani gani yamebadilika. Mianzi haidondoshi majani yote kwa mara moja; hubadilisha ya zamani kidogo kidogo, na mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Ikiwa manjano iko kwa majani ya ndani na ya chini tu, na ncha za matawi zinatoa majani mapya ya kijani, hakuna ugonjwa. Majani yaliyoanguka yaachwe pale pale chini ya kichaka, maana yanafunika udongo na yakioza yanarudisha chakula kwenye mizizi. Kuyafagia na kuyachoma kila asubuhi ili parseli ionekane safi ni kuunyima mmea mbolea ya bure. Kuna pia aina ya mianzi ambayo fito zake ni za manjano tangu kuzaliwa, zenye mistari ya kijani. Hiyo haiumwi, ndiyo rangi yake.

Hali ni tofauti ikiwa kichaka kizima kinapauka, chipukizi hazitoki na fito changa zinakauka. Hapo kazi ni ya jembe. Mwenye mianzi achimbe shimo la urefu wa mkono kando ya kichaka, aache kwa muda kidogo. Maji yakijikusanya ndani, au udongo ukitoa harufu ya kuoza na mizizi ikiwa myeusi na laini, shida ni maji kuzidi. Mizizi inahitaji hewa kama vile mtu anavyoihitaji. Udongo ukijaa maji kwa wiki nyingi, hewa inaisha na mizizi inaoza. Mmea unaonekana kama wenye kiu huku umesimama ndani ya maji. Katika parseli zilizo karibu na ziwa hili ndilo la kushuku kwanza, kwa sababu ziwa linaweza kushuka juu ya ardhi huku maji yakibaki karibu chini yake.

Tiba yake ni kuacha kumwagilia, kuchimba mfereji wa kutoa maji na kutotia mbolea kwanza, kwani mizizi iliyooza haiwezi kuila. Ikiwa maji hayana njia ya kutoka, inafaa kuchimbua kipande kizima chenye mizizi na fito moja au mbili, na kukihamishia mahali palipoinuka, mvua zinapoanza mwezi wa Oktoba.

Shimo likiwa kavu hadi chini na majani yamejikunja kama sigara, basi ni kiu ya kweli. Maji yamwagwe mengi kwa mara moja, kisha yaachwe siku chache, kuliko kikombe kila jioni.

Kuna shida nyingine ambayo watu wa kando ya ziwa wanaweza kuisahau. Maji ya Tanganyika ni ya alikali, pH yake ni karibu 9. Udongo unaomwagiliwa maji hayo kwa muda mrefu unaweza kuzuia mmea kuchukua chuma. Alama yake haifichiki: majani machanga ndiyo yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Majivu ya makala yanaongeza alikali hiyo, na maji ya kufulia nguo pia, ingawa ndiyo mambo mawili yanayomwagwa chini ya miti kila siku. Mmea wa namna hii upewe maji ya mvua, samadi iliyooza vizuri na majani makavu. Kama ni majani ya zamani yanayopauka kwanza na udongo ni mzuri, hapo ni njaa, na samadi ya ng'ombe au ya mbuzi inatosha. Isiwe mbichi, inaunguza.

Vidoti vyeupe na utando mwembamba chini ya jani ni kazi ya utitiri. Maji ya kawaida yenye sabuni kidogo, yakirushwa upande wa chini wa majani, hupunguza wadudu hao.

Majani yaliyokwisha kuwa manjano mara nyingi hayarudi kijani, kwa hiyo tiba ipimwe kwa majani mapya, baada ya wiki kadhaa. Na kama mianzi iko kwenye ukingo wa mto au wa korongo, fito zilizokufa zikatwe karibu na ardhi, lakini visiki vising'olewe hata kama vimekauka vyote. Mizizi iliyokufa inaendelea kushika udongo kwa muda, na muda huo unatosha kupanda kichaka kipya pembeni kabla ya mvua kubwa za Machi na Aprili.