Eliya alipewa mkate kabla ya kuulizwa swali

Muumini akimweleza mtumishi wa Mungu kwamba amelemewa, hapati usingizi wala hamu ya kula, mara nyingi huambiwa aongeze maombi na afunge siku tatu. Maombi ni mema. Lakini mtu aliyeachishwa kazi, ambaye chakula hakimpiti kooni kwa sababu ya madeni, afunge nini tena?

Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda pale Karmeli; moto umeshuka, mvua imenyesha. Kisha Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja tu wa vitisho, na nabii anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mti na kuomba afe.

Mwaka 1984 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walitoa kitabu kuhusu msongo wa mawazo. Walieleza kwamba msongo hautokani na tukio peke yake. Mtu hupima: jambo hili linanitishia kiasi gani, nami nina nini cha kukabiliana nalo? Tishio likionekana kubwa kuliko uwezo wake, hulemewa. Eliya alipopima, jibu lake lilikuwa kwamba amebaki peke yake. (Na kijana wake alikuwa amemwacha Beer-sheba yeye mwenyewe! Aliyelemewa hupenda kujitenga.)

Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa ale mkate na kunywa maji. Akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Hans Selye, mwanasayansi aliyeandika kuhusu msongo mwaka 1936 baada ya kuchunguza panya, alionyesha kwamba mwili ukikazwa muda mrefu huishiwa nguvu. Kwa mtu aliyefika hapo, mahubiri hayaingii.

Lazarus na Folkman walitaja pia njia mbili za kukabiliana na msongo: kutuliza hisia na kulishughulikia tatizo lenyewe. Nyingi ya nasaha zetu huishia kwenye ile ya kwanza. Kule Horebu Mungu alimwacha Eliya amwage malalamiko yake mara mbili, neno kwa neno, kisha akampa kazi ya kufanya na kumrekebishia hesabu: wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawajamsujudia Baali.

Eliya akaondoka, akamkuta Elisha shambani, analima na jozi 12 za ng'ombe.